Bili ya shilingi 19,372 na filta moja ya AC: uchambuzi wa kisa cha Axio

Gari ni Toyota Axio ya 2014, namba ya modeli NZE161, yenye AC ya kuzungusha kwa mkono na spidi nne za feni. Iliagizwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na tangu ifike Nairobi imekwenda kama kilomita 40,000. Mwenye gari anakaa Utawala na anafanya kazi Upper Hill. Asubuhi na jioni yuko Eastern Bypass na Mombasa Road nyuma ya malori, na kipande cha mwisho kufika langoni ni barabara ya murram. Mchana gari hushinda chini ya mjakaranda. Mambo haya yote yana nafasi yake katika kisa, hata mjakaranda.

Malalamiko yalikuwa matatu. Upepo wa matundu ya dashibodi ulikuwa dhaifu hata feni ikiwekwa namba nne. Kila AC ikiwashwa, ilianza kwa harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Na katika asubuhi za Julai kioo cha mbele kilijaa ukungu ambao haukutaka kuondoka. Gereji aliyopeleka gari ilimpa makadirio haya:

Filta ya AC: 4,200
Uchunguzi wa mfumo wa AC: 2,000
Kuosha evaporeta: 4,500
Kujaza gesi: 3,500
Ufundi: 2,500
Jumla ndogo: 16,700
VAT ya asilimia 16: 2,672
Jumla: 19,372

Hakulipa siku hiyo. Alichukua karatasi akaomba maoni mengine, na hilo ndilo lililomwokolea pesa. Tukiipitia karatasi hiyo mstari kwa mstari, kosa lake kubwa si bei ya kitu chochote kimoja. Kosa ni mpangilio: kazi nne zimewekwa zifanyike kwa mpigo, ilhali ya kwanza ndiyo inayoamua kama zile tatu zinahitajika.

Dalili zilikuwa zinasema nini

AC ina maswali mawili ambayo fundi asiyachanganye. Je, upepo unatosha? Je, upepo ni baridi? Upepo mwingi usio na baridi unaelekeza kwenye gesi, kompresa (pampu inayosukuma gesi), kondensa (kipozeo cha gesi kilicho mbele ya gari) au feni ya mbele. Upepo wenye baridi lakini mchache unaelekeza kwenye filta inayochuja hewa ya ndani ya gari, feni ya ndani ambayo mafundi huiita blowa, au uchafu juu ya evaporeta, kifaa cha nyuma ya dashibodi kinachopoza hewa hiyo. Axio hii ilikuwa ya kundi la pili. Kipimajoto cha jikoni kilichochomekwa kwenye tundu la katikati, milango ikiwa imefungwa na injini imepashwa moto, kilishuka hadi nyuzi 7 za selisiasi ndani ya dakika kumi. Gari lililoishiwa gesi halifiki hapo.

Kwa hiyo mstari wa gesi ulikuwa wa kufutwa kabla hata ya kufungua kitu. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kwa kiasi cha kuonekana maana yake inavuja mahali. Anayeongeza gesi bila kutafuta mvujo anauza baridi ya miezi michache. Na anayeongeza gesi kwenye mfumo uliojaa anaharibu zaidi, kwa sababu shinikizo linapanda, kompresa inafanya kazi kwa taabu na baridi inapungua. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye lebo iliyo chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi, ambayo kwa gari la umri huu ni R134a. Fundi anayejaza kwa kusikiliza sauti, bila mizani wala geji, hajui ameweka gramu ngapi.

Harufu nayo ina njia yake. Evaporeta ikipoa hutoa maji, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Vumbi lililopita pembeni mwa filta iliyochoka linanata kwenye unyevu huo, kuvu inaota. Filta yenyewe, ikiwa imejaa majani yanayooza, huongeza harufu yake.

Ukungu wa kioo ulikuwa na chanzo cha pili ambacho hakimo kwenye karatasi ya gereji kwa sababu hakiuziki. Kwa kukwepa moshi wa malori, mwenye gari aliacha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimewashwa mwaka mzima. Pumzi ya watu ina unyevu. Isipotoka, inatua kwenye kioo baridi. Dawa ni kufungua hewa ya nje, kuwasha AC hata kama kuna baridi, kwa kuwa AC hukausha hewa, kisha kupeleka upepo kwenye kioo. Wengi Nairobi hawawashi AC kuanzia Juni hadi Agosti na hudhani filta yao imepumzika. Haipumziki. Katika magari kama haya, hewa yote inayovutwa na feni hupita kwenye filta, AC iwe imewashwa au la, hewa iwe ya nje au ya ndani.

Jaribio lisilo na gharama

Kabla ya kununua chochote, filta ilichomolewa na feni ikawashwa namba nne kwa muda mfupi bila filta. Upepo ulirudi mara moja. Jaribio hili ndilo ambalo shilingi 2,000 za uchunguzi zingepaswa kununua, na huchukua dakika tano. Upepo ukirudi, filta ndiyo mkosa. Usiporudi, tazama feni na evaporeta. Lakini usiendeshe gari bila filta, hata kwa safari ya kwenda kununua mpya: kila kitu ambacho filta ingekamata kinatua kwenye evaporeta, na huko hakitoki kwa urahisi. Rudisha ya zamani kwa muda.

Filta iliyotoka ilikuwa na kibandiko cha Kijapani. Yaani haikuwa imewahi kubadilishwa tangu gari lishuke Mombasa. Hili ni la kawaida sana kwa magari ya kuagiza: mtu hubadilisha oili, filta ya oili, plagi na breki siku ya kwanza, na filta ya ndani hakuna anayeikumbuka kwa kuwa haimzuii mtu kufika kazini. Vitabu vingi vya mwenye gari hutaja kilomita 15,000 hadi 30,000, na muda mfupi zaidi penye vumbi. Utawala ni penye vumbi.

Ilikuwa nyeusi upande wa juu, na kati ya mikunjo kulikuwa na vijiti, mbegu na maua makavu ya mjakaranda. Maua hayo huanguka kuelekea mwisho wa mwaka na kutua chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu yaliyo karibu na waipa ambako feni huvutia hewa ya nje. Anayeegesha chini ya mti afagie hapo kwa mkono kila wiki katika msimu wa maua.

Kununua filta Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi

Neno la kutumia dukani ni filta ya AC. Ukisema filta ya hewa tu utapewa ya injini, ambayo ni kubwa na hukaa ndani ya sanduku chini ya boneti. Mkanganyiko huu huingia pia kwenye risiti: mteja analipia filta ya hewa akidhani amepata zote mbili. Swali moja linatosha: "Fundi, hii ni ya AC ama ya injini?"

Nenda na filta ya zamani mkononi na namba ya chesisi iliyo kwenye logbook. Jina la gari peke yake halitoshi, maana Axio ya NZE141 na ya NZE161 zina jina moja na ni magari mawili tofauti. Filta za Toyota za aina hii kwa kawaida huwa na namba inayoanza na 87139, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Ilinganishe na ya zamani kwa urefu, upana na unene. Filta iliyo nyembamba kwa milimita chache itaingia vizuri tu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu itaacha mwanya na hewa hupenda njia rahisi. Filta yenye mwanya ni pambo.

Katika kisa hiki kulikuwa na bei tatu kaunta. Nyeupe ya kawaida isiyo na jina, shilingi 700. Nyeupe ya chapa inayojulikana, 1,300. Ya mkaa, ile ya rangi ya kijivu au nyeusi inayopunguza harufu na moshi, 2,400. Bei hizi hupanda na kushuka kwa duka na kwa ukali wa mteja, ila uwiano wake ni wa kuaminika. Filta halisi ya Toyota yenye boksi lake ingeweza kufikia bei ya gereji, kwa hiyo 4,200 si lazima iwe wizi. Tatizo ni kwamba karatasi haikusema ni aina gani. Bei ya filta bila aina yake ni bei ya kitu kisichojulikana.

Mkaa una kazi kwa mtu anayekaa nyuma ya malori, na kwa njia ya Mombasa Road tungependekeza hiyo. Lakini rangi si ushahidi. Kuna za bandia ambazo ni kitambaa kilichopakwa rangi. Ya kweli ukiipapasa au kuiangalia dhidi ya mwanga utaona chembe ndogo nyeusi kati ya tabaka mbili, na ni nzito kidogo kuliko nyeupe ya ukubwa huohuo. Hesabu pia mikunjo: ya bei rahisi mara nyingi ina michache, maana yake eneo dogo la kuchuja, hivyo itajaa mapema. Bonyeza fremu, ikijikunja kama karatasi ya daftari, feni itaivuta na kuikunja hivyohivyo. Duka hili halikuwa na ya mkaa iliyoshawishi, kwa hiyo ilinunuliwa ile ya 1,300.

Kuna fundi atakayesema isinunuliwe, ipulizwe tu kwa upepo wa kompresa ya hewa ya gereji. Kupuliza huondoa vumbi la juu na kuifanya filta ionekane safi, lakini upepo huo unapanua nyuzi na kuchana mikunjo, na vumbi laini, ambalo ndilo linaloingia mapafuni, linabaki. Kuosha kwa maji ni vibaya zaidi. Kama pesa haipo wiki hii, igongegonge chini polepole, irudishe, na uweke akiba.

Kazi yenyewe

Kwenye Axio filta iko nyuma ya kijisanduku cha dashibodi, upande wa abiria wa mbele, na haihitaji hata bisibisi. Zima feni na gari. Toa kila kitu kwenye kijisanduku. Upande mmoja kuna kijiti kinachokifanya kifunguke taratibu; kichomoe kwenye pini yake kwa kukivuta kando, usikivute chini, kwa sababu plastiki ya miaka kumi huvunjika. Bana kuta mbili za kijisanduku kwa ndani ili vizuizi vipite, kisha kishushe. Nyuma yake kuna kifuniko cheusi chembamba chenye vishikizo pembeni. Bonyeza vishikizo, vuta, filta iko humo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana aliyetumwa kuibadilisha aliivuta haraka na kuiinamisha. Katika magari ya aina hii feni iko chini ya filta, hewa inashuka kutoka juu, kwa hiyo uchafu wote umelala upande wa juu. Mbegu na maua vilimwagika moja kwa moja ndani ya feni. Filta mpya iliingia, upepo ukawa mzuri, na ikaanza sauti ya kugongagonga iliyoongezeka kila spidi ilipoongezwa. Mtu asiyejua angeambiwa feni imekufa na kuuziwa nyingine ya ex-Japan. Haikuwa imekufa. Ilifunguliwa kutokea chini, penye miguu ya abiria, skrubu tatu na plagi moja ya umeme, ikapigwa brashi laini bila maji, ikarudishwa. Sauti iliisha. Kuzuia ni kuivuta filta ikiwa imelala sawa, polepole, baada ya kufyonza kwa mashine ya vumbi kile kinachofikika, na kabla ya kuingiza mpya kupitisha mdomo wa mashine ndani ya nafasi ile.

Uelekeo ni jambo lingine linalokosewa. Kuna filta zilizoandikwa UP na mshale, na nyingine AIR FLOW na mshale, na mishale hii haimaanishi kitu kimoja. UP huelekea paa la gari. AIR FLOW hufuata njia ya hewa, na kwa Axio hewa inashuka, kwa hiyo mshale huo unaelekea sakafuni. Filta yenye tabaka tofauti ikigeuzwa inajaa haraka na ya mkaa inaweza kumwaga chembe zake kwenye feni. Rudisha kifuniko mpaka vishikizo vyote vilie, halafu kijisanduku, halafu kijiti.

Harufu ilipungua baada ya filta lakini haikuisha. Hapo, na hapo tu, ndipo suala la evaporeta lilikuwa na haki ya kujadiliwa. Njia ya bei ndogo ilijaribiwa kwanza: povu la kopo la kusafishia evaporeta, shilingi 850, likapulizwa kwa mrija wake kupitia bomba la kutolea maji lililo chini ya gari, likaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha feni ikaendeshwa na madirisha wazi. Kabla ya kupuliza, hakikisha bomba hilo halijaziba. Dalili ya kuziba ni zulia la abiria lenye maji na hakuna matone chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi. Povu likiingia penye bomba lililoziba, linatokea ndani ya gari. Harufu iliondoka. Ili isirudi, AC izimwe dakika mbili tatu kabla ya kufika nyumbani huku feni ikiendelea, evaporeta ikauke.

Hesabu ilivyoishia

Filta 1,300. Povu 850. Ufundi wa filta na povu 500. Kufungua na kusafisha feni 700, ambazo kwa haki zingelipwa na kijana yule, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jumla ni shilingi 3,350. Tofauti na makadirio ya kwanza ni 16,022.

Gereji ya kwanza isihukumiwe kwa tofauti yote. Sehemu yenye jengo, vifaa na wafanyakazi wa mshahara haiwezi kutoza kama fundi wa kando ya barabara, na kuosha evaporeta kwa kuitoa kabisa ni kazi ya nusu siku inayoshusha dashibodi. Shilingi 4,500 kwa kazi hiyo ni rahisi kiasi cha kutia shaka: yaelekea ingekuwa povu lilelile la kopo. Swali la kuuliza ni moja, mnaitoa au mnapuliza? VAT nayo ni halali kwa aliyesajiliwa, na risiti yake inapaswa kutoka eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza. Ufundi wa 2,500 ndio usioeleweka, maana uchunguzi na kuosha vilikuwa vimeshatozwa kando, na filta hiyo hubadilishwa kwa dakika kumi.

Yapo magari ambayo karatasi kama ile ingekuwa na mantiki. BMW E90 huweka filta hii chini ya boneti, nyuma ya injini, na magari kadhaa ya Ulaya huificha miguuni mwa abiria nyuma ya vifuniko vya skrubu. Kulipia saa ya ufundi hapo si kuonewa. Kuna pia magari ya daraja la chini ambayo yalitoka kiwandani bila filta, nafasi ipo ila imezibwa kwa plastiki. Gari kama hilo likitembea miaka mitano kwenye murram, evaporeta yake imevaa blanketi la vumbi, na hakuna povu litakalolitoa. Na kama kipimajoto kingebaki nyuzi 18 huku upepo ni mwingi, basi geji za shinikizo ziunganishwe, mvujo utafutwe kwa rangi inayong'aa chini ya taa ya buluu, kisha gesi ijazwe kwa mizani.

Kwa Axio hii, tarehe na kilomita ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu ya filta, upande unaoonekana kifuniko kikifunguliwa. Ukaguzi unaofuata ni baada ya kilomita 7,500, sambamba na oili, na mabadiliko kwa 15,000 au mwaka, kipi kitangulie. Mara hiyo itafutwe ya mkaa, na ivutwe ikiwa imelala.